KARAFUU TUNAZIPA UPEPO, JEE WATU WA NYUMBANI?



Kila msimu unapokaribia, ukurasa huu hujaa nasaha za namna moja: msizivundike karafuu mbichi, zichambueni siku ile ile, zianikeni majamvini mahali penye jua na upepo, zigeuzeni, na wingu likitanda ziingizeni upesi. Twayarejea maneno hayo kwa sababu sote twaijua khasara ya karafuu iliyokosa hewa. Hufanya moto ndani kwa ndani, husinyaa, huwa nyeupe-nyeupe, na ikifika kituoni hushushwa daraja. Hapana mkulima asiyelijua jambo hilo, wala mtoto wa mkulima.

Leo twaomba ruhusa yenu tuyaseme maneno hayo hayo, lakini si kwa ajili ya karafuu. Twataka kuuliza: jee, hewa tunayoipa karafuu, tunawapa watu wa nyumbani? Maana twaona kwamba wengi wetu tunajua vyema namna ya kuanika kuliko namna ya kujenga jiko, na gunia letu linavuta hewa safi kuliko mama anayelipikia kambi yetu ya wachumaji.

Msitudhanie kwamba twawasema watu. Kosa tutakalolitaja la kwanza ni letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, msimu ulipokuwa mwema, tulitia azma ya kumjengea mama yetu jiko jipya. Lile la zamani lilikuwa kipenu cha makuti uwani, kuta zake fito na udongo uliojaa nyufa, na mvua ikipiga lilivuja. Tukalivunja. Tukajenga jiko la matofali lililogusana na nyumba, tukaezeka mabati, na dirisha tukaacha moja dogo la kiasi cha kupitisha mkono, kwa kuogopa wezi na kwa kupunguza gharama ya nondo. Watu wakatupongeza, na mama akatuombea dua. Lakini mafiga yalikuwa yale yale matatu, na kuni zile zile.

Haukupita muda mrefu, mama akaanza kikohozi kisichokwisha. Tulimpa asali, tukampa tangawizi, tukampa karafuu. Mwisho tukampeleka spitali. Daktari aliyempima alituuliza, mama huyu amevuta sigara miaka mingapi? Tukacheka, kwani mama yetu hajapata kutia sigara mdomoni tangu kuzaliwa kwake. Daktari hakucheka. Akauliza anapikia nini, na wapi. Tulipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba pafu halijui kama moshi umetoka katika tumbaku au katika gogo la mwembe. Tulirudi nyumbani tukalitazama jiko letu la fahari, na dari yake imekuwa nyeusi kama lami. Ndipo tulipofahamu kwamba lile la zamani lililovuja mvua lilikuwa likivuja na moshi vile vile, na kwamba sisi tuliziba vyote viwili.

Jambo hili si la nyumba moja. Nyumba zetu zimebadilika, na ni vyema zibadilike. Zamani makuti na udongo vilikuwa na matundu elfu, na moshi ulipanda ukapenya paa ukaenda zake. Sasa tunajenga kwa matofali, tunaezeka mabati, tunapiga dari, tunatia vioo. Hayo ni maendeleo. Lakini moto wetu, kwa wengi wetu, haukubadilika hata kidogo. Tumechukua moto wa nyumba yenye matundu tukautia katika nyumba iliyozibwa, kisha twastaajabu macho kuwasha.

Sasa tuutazame huo moshi ni kitu gani. Moshi tunaouona kwa macho ndio wenye udhia, lakini usioonekana ndio wenye madhara makubwa. Ndani yake mna chembe ndogo mno. Zile wanazoziogopa wataalamu ni zenye upana wa maikromita mbili na nusu au chini ya hapo. Ukizipanga kubwa zake thelathini hivi kwa safu, ndipo upate unene wa unywele mmoja. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, tukalitema. Chembe hizi hazinaswi. Hushuka mpaka mwisho wa pafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kipimo kipya kwamba hewa anayovuta mtu isizidi wastani wa maikrogramu 5 za chembe hizo kwa kila mita ya ujazo kwa mwaka. Kile cha mwaka 2005 kilikuwa 10. Na shirika hilo hilo lasema kwamba katika nyumba isiyopitisha hewa, ambamo watu wanapikia kuni, chembe hizo huweza kufika mara 100 ya kiasi kinachofaa.

Madhara yake si kikohozi peke yake. Moshi wa nyumbani hudhuru mapafu, huleta maradhi ya moyo na kiharusi, saratani ya mapafu, na mtoto wa jicho kwa wanaopika. Kwa watoto wachanga hatari ya nimonia, ile ambayo wazee wetu huiita kichomi, hukaribia kuwa maradufu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu kiasi cha milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto zaidi ya 237,000 hawakufika umri wa miaka mitano. Tusidhani hao ni watu wa nchi za mbali. Ni watu wa mafiga matatu, kama sisi.

Pamoja na chembe hizo, moto usiopata hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Damu yetu huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, kwa hivyo mtu hukosa pumzi huku anapumua. Kwanza kichwa huuma, kisha hupata kichefuchefu na usingizi mzito, na mwisho huenda asiamke. Twalisema hili khasa kwa sababu ya seredani. Watu wengi huamini kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi kwisha, hatari imekwisha. Sivyo. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hata chembe ndiyo yanayotoa sumu hii kwa wingi. Katika baadhi ya nyumba zetu ingali desturi kumtia mzazi joto kwa seredani chini ya kitanda au kando yake, milango imefungwa na mapazia yameshushwa ili upepo usimpige. Nia ni njema na mapenzi ni makubwa, lakini chumbani mna watu wawili dhaifu kuliko wote nyumbani, mama aliyetoka kujifungua na mtoto wa siku chache. Joto apewe mzazi, kwa maji ya moto na kwa nguo nzito. Seredani ikae nje.

Lipo na jambo linalotuhusu sisi wakulima wa karafuu peke yetu. Karafuu mbichi kilo 100 zikikauka hubakia kiasi cha kilo 30. Kilo 70 zilizobaki ni maji, na maji hayo lazima yaende pahala. Jua likiwaka huenda mbinguni. Lakini siku za mvua, au kwa kuogopa wezi, wengi wetu huziingiza karafuu mbichi ndani, tukazitandaza ukumbini na hata chumbani, na watoto wakalala kando yake. Basi mkulima mwenye gunia tatu nne za mbichi ndani ya nyumba iliyofungwa ni kama mtu aliyemwaga madebe ya maji chumbani mwake kidogo kidogo. Maji hayo hunywewa na kuta, na baada ya siku chache ukutani nyuma ya kabati hutoka ukungu mweusi. Nyumba yenye unyevu na ukungu huzidisha pumu na kikohozi, khasa kwa watoto. Tukiongeza vumbi la karafuu kavu zinapopepetwa na kutiwa magunia, na ule ukali wa mafuta yake machoni, tutaona kwamba katika msimu chumba cha kulala huwa ghala, na ghala si pahala pa kulaza mtoto.

Kabla ya kutaja dawa, yatupasa tuyajibu maneno tunayoyasikia barazani, kwani wenye kuyasema si wajinga.

Wengine husema: bibi zetu walipikia kuni wakaishi miaka themanini. Ni kweli wako walioishi. Lakini aliyekufa na miaka arubaini kwa kifua hayupo barazani kutoa ushahidi, wala mtoto aliyezikwa na miezi minane. Na tena bibi zetu walipika katika vile vipenu vyenye matundu tulivyovitaja.

Wengine husema: moshi hufukuza mbu na huhifadhi makuti. Hilo la makuti tunalikubali. Paa lililopigwa moshi halishambuliwi upesi na wadudu. Lakini nyumba ngapi sasa zina makuti? Na ama mbu, tunacho chandarua kilichotiwa dawa, nacho humkinga mtu usiku kucha bila ya kumchoma kifua. Hata ile dawa ya mbu ya kuwasha, iliyozungushwa kama konokono, tusiidhanie kuwa salama. Wataalamu walioipima, na wakatoa matokeo yao mwaka 2003, waliona kwamba kipande kimoja kikiungua chote hutoa chembe zile ndogo sawa na sigara 75 mpaka 137. Mtu asiyeweza kumruhusu mgeni kuvuta sigara moja chumbani kwa mwanawe, huiwasha hiyo mvunguni kila siku.

Wengine husema: wali wa kuni una ladha yake. Nasi pia twaipenda ladha hiyo. Lakini anayesema hivyo aghlabu ni yule anayeletewa sinia barazani, si yule anayepuliza moto.

Tena wako wanaosema, na hao ndio wenye hoja ya nguvu kuliko wote, kwamba majiko bora yameshajaribiwa na hayakufaa. Nasi hatutaki kuwaficha. Nchini Malawi ulifanywa utafiti mkubwa uliotangazwa mwishoni mwa mwaka 2016, wa watoto zaidi ya 10,000. Nyumba zilipewa majiko bora ya kuni, na nimonia ya watoto haikupungua. Lakini nchini Guatemala, baina ya mwaka 2002 na 2004, nyumba zilizopewa jiko lenye dohani la kutoa moshi nje zilipunguza kwa kiasi cha nusu moshi uliowafikia watoto, na ingawa nimonia kwa jumla haikupungua vya kutosha, ile kali kabisa ilipungua kwa kiasi cha thuluthi. Jee, tujifunze nini hapo? Sisi twaona kwamba hapana tiba katika kubadili kitu kimoja na kuacha vingine. Wataalamu wa Malawi wenyewe walitaja moshi mwingine uliobaki pale pale, wa takataka zinazochomwa na wa tumbaku. Mtu akinunua jiko jipya kisha akachoma mifuko ya plastiki mlangoni, akavuta sigara chumbani na kuwasha kibatari usiku, amefunga mlango mmoja na kuacha mitatu wazi.

Basi tufanye nini? Twasema kwa uwezo wa mtu.

Asiye na fedha kabisa, na aanze na kuni zake. Kuni mbichi huungua kwa shida, kwani moto hushughulika kwanza kuyakausha maji, na moshi wake ni mwingi. Kuni zipasuliwe, zipangwe chini ya kipenu mbali na mvua, zikae miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Makumbi mabichi yasitiwe motoni, wala plastiki kwa hali yoyote, hata kwa kuwashia. Sufuria ifunikwe. Kunde na maharage yalowekwe usiku, ili moto upungue asubuhi. Na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto. Apewe dada yake au bibi yake, akae nje penye upepo. Haya yote hayana gharama ila mazoea.

Mwenye uwezo kidogo, na aliondoe jiko ndani ya nyumba. Visiwa vyetu vina pepo mbili zinazojulikana. Kusi hutoka kusini, na kaskazi hutoka upande wa kaskazini na mashariki. Kwa hivyo kipenu cha jiko kikiwekwa upande wa machweo wa nyumba, moshi aghlabu hautaingia chumbani katika msimu wowote. Jiko lenye kuta liwe na matundu ya namna mbili yanayokabiliana, ya chini ya kuingiza hewa na ya juu ya kutoa moshi, na dohani ipite paa kabisa, isiishie chini ya bati. Anayeogopa wezi atie tofali za matundu. Mwizi hapiti hapo, na moshi hupita. Kibatari kiachwe, kwani mafuta ya taa nayo yana moshi wake, na tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Ulimwenguni linanasihi yasitumiwe majumbani. Taa ndogo ya jua sasa yapatikana madukani, na Pemba ina umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010.

Mwenye uwezo zaidi, na ahamie katika gesi au umeme. Huko ndiko tunakotaka tufike sote. Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilizindua mkakati wake mwezi wa Mei 2024, kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati safi. Lakini gesi nayo ina adabu zake. Ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni. Jiko la gesi linahitaji tundu la chini, na ukisikia harufu usiwashe kiberiti wala taa, fungua milango kwanza. Na aliye na mashine ya umeme ya petroli asiiwashe ndani wala barazani karibu na dirisha, kwa ile ile sumu isiyo harufu tuliyoitaja.

Ama karafuu, zitafutiwe pahala pake. Kibanda kidogo chenye mlango wa kufuli, kilichoinuliwa na chenye matundu juu, kitazifaa karafuu na watu pia. Udi na ubani hatuvikatazi, nani atakayevikataza kwetu? Lakini chetezo kipitishwe na madirisha yakiwa wazi, na kisiachwe katika chumba cha mtoto mwenye pumu.

Sasa twaja katika shabaha ya makala haya. Katika msimu, jiko la mkulima si la nyumba yake peke yake. Hupikia wakwezi, hupikia wachambuzi, na masufuria makubwa hukaa motoni tangu alfajiri mpaka usiku kwa wiki nyingi. Kazi hiyo ni kazi ya karafuu kama kukwea ni kazi ya karafuu. Jumuiya yetu imewahi kutoa mikopo ya majamvi, imetoa ya magunia, imetoa ya kupalilia. Haijapata kutoa hata senti moja kwa jiko, kwa sababu katika mikutano yetu wanaosema ni wanaouza karafuu, na wanaopika hawamo au wamo kimya nyuma ya pazia.

Kwa hivyo sisi, kwa idhini ya kamati, tunaleta shauri mbele ya mkutano mkuu ujao: kwamba sehemu ya mfuko wetu wa kusaidiana itengwe kuwa mkopo wa jiko, mtu alipe baada ya mavuno kama anavyolipa majamvi, kwamba zitangulie nyumba zinazopikia kambi, na zile zenye watoto wachanga au wagonjwa wa kifua, na kwamba wanaochagua namna ya jiko wawe ni wanawake wenyewe, maana jiko lililochaguliwa na asiyepika hugeuka kibanda cha kuku. Wako watakaosema fedha ni chache. Ni kweli ni chache. Lakini tuzihesabu na zile tunazozitumia kwa nauli za spitali na kwa dawa za kifua, na siku za kazi zinazopotea, kisha ndipo tuseme lipi ghali.

Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hayumo nguoni tu, yumo darini, yumo ukutani, na yumo kifuani mwa mtu aliyetupikia uji wetu wa kwanza. Mama yetu yu hai, alhamdulillahi. Jiko lile tumelibomoa ukuta mmoja, tumeinua paa, tumetia dohani na jiko la gesi la kichwa kimoja kwa mapishi ya haraka. Kikohozi kimepungua, hakikwisha. Daktari alitwambia pafu likishaharibika halirudi lilivyokuwa. Ndiyo sababu tunawaandikia mapema, ninyi ambao mama zenu na wake zenu hawajaanza kukohoa.

Basi njooni mkutanoni, na kila mmoja asije peke yake, aje na anayempikia. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na safari hii tuuwashe pahala penye hewa.

Wasalaam,
Katibu wa Jumuiya